Hekaya Isiyopungua Mistari Kumi

Mimi ni dereva wa Idara ya Vivutio, mwaka wa kumi na tisa sasa. Nimewaendesha wakuu saba. Kila mmoja alipohamishwa aliacha kiti cha mbele kimebonyea kwa umbo lake, na aliyemfuata akaanza kazi kwa kulalamikia kiti. Huyu wa saba hatumwiti chochote ila Mkuu, na ndiye aliyetupeleka kwenye safari ya mawe.

Makao makuu walituletea fomu sita zilizopigwa namba, moja kwa kila kivutio cha asili kilichoko upande wetu: nguzo za mwamba, jiwe lililosimama juu ya jiwe jingine, pango, kilima cha majivu, ziwa lililo ndani ya kasoko, yaani shimo la kilele cha volkano, na chemchemi ya maji moto. Vyote vilitokana na volkano iliyokwisha kulala zamani sana, na vyote vilitakiwa kuwekewa mabango ili watalii wajue wanatazama nini. Kitakachoandikwa kwenye fomu ndicho kitakachochorwa kwenye bango. Kipengele cha tatu kilisema, "Chanzo cha kisayansi (kisizidi mstari mmoja)." Cha tano kilisema, "Hekaya ya wenyeji (isipungue mistari kumi)." Cha sita kilitaka saini au dole gumba la mwenyeji aliyesimulia. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, palikuwa na onyo kwamba fomu iliyofutwa, iliyochanwa au iliyopotea haitapewa badala yake.

"Mstari mmoja," alisema Mama Nyundo siku fomu zilipofika. Huyu ndiye mtaalamu wetu wa miamba, mama mfupi mwenye miwani, na nyundo yake haimtoki mkononi hata kwenye vikao. "Mlima umejijenga kwa mamia ya maelfu ya miaka, wao wananipa mstari mmoja."

"Andika herufi ndogo," alisema Mkuu.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Nina miaka arobaini na minane, na kwa miaka minne nimekuwa nikisoma masomo ya jioni. Nilikuwa nimebakiza mtihani. Ili kujiandikisha nilihitaji barua ya mwajiri inayosema kwamba nafahamika na kwamba nitapewa ruhusa siku za mtihani. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilikosa saini ya Mkuu tu, na ilikuwa ndani ya mkoba wake kwa mwezi wa pili. Saini yenyewe ni kama mjusi anayekimbia ukutani, haichukui muda wa kupiga chafya, lakini kila nilipomkumbusha aliniambia, "Nikipata nafasi." Uandikishaji ulikuwa unafungwa Ijumaa. Safari ilikuwa Jumatatu hadi Jumatano. Nilimwomba Mungu ndani ya siku hizo tatu ampe Mkuu nafasi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha gari, niliinamisha kichwa kwenye usukani nikasali, kama nifanyavyo kila safari.

"Ukishamaliza na Mkuu wako wa juu," alisema Mkuu akifunga mkanda, "mimi wa hapa chini nina haraka."

"Amina," nilisema, nikawasha gari.

Nguzo za mwamba ziko mwendo wa saa tatu kutoka ofisini. Nilikuwa nimezisoma darasani. Mwalimu wetu alizichora kwa chaki ubaoni, na michoro yake ilifanana na penseli zilizosimamishwa kwenye kopo. Nikadhani ni udhaifu wa mchoraji. Tulipokata kona ya mwisho nikaona kumbe mwalimu alichora sawasawa. Ukuta mzima wa bonde ulikuwa wa nguzo nyeusi zilizobanana, ndefu kuliko jengo la ghorofa nne, na kila nguzo ilikuwa na pembe sita, kana kwamba fundi alizikata kwa rula. Nilisimamisha gari katikati ya barabara bila kujua.

"Zaha ilipopoa ilisinyaa ikapasuka hivyo," alisema Mama Nyundo. Zaha ni ule uji wa mwamba ulioyeyuka unaotoka ardhini. "Kama matope ya bwawa lililokauka, ila hapa mpasuko umeshuka hadi chini. Hakuna aliyezichonga."

"Yuko," nilisema.

Alinitazama juu ya miwani yake, akatabasamu. "Haya, yuko. Lakini alitumia ubaridi."

Mkuu alikuwa ameshapata mwenyeji. Alikuwa mchungaji wa mbuzi, mtu wa makamo, amejiegemeza kwenye fimbo.

"Mzee wangu," alisema Mkuu, "wazee wa zamani walisema nini kuhusu nguzo hizi?"

Mchungaji alifikiri. "Walisema tusilale chini yake. Huwa zinadondoka."

"Hiyo si hekaya, ni tahadhari. Nataka habari. Zilitoka wapi? Nani alilaaniwa?"

"Mimi nilizikuta."

"Na baba yako?"

"Naye alizikuta."

Mkuu alinigeukia. "Dereva, chukua kalamu." Mwandiko wa Mkuu hausomeki hata na yeye mwenyewe, na tangu nianze masomo ya jioni wangu umenyooka, kwa hiyo ndimi niliyepewa kuandika. Akasimama, mikono nyuma, akanisomea kutoka kichwani mwake: hapo kale alikuwepo mwanamke mkaidi aliyekataa kumchotea mumewe maji; mume akanung'unika; mwanamke na dada zake wote wakageuka nguzo. Nilipofikia mstari wa saba hadithi ilikwisha, Mkuu akaongeza shemeji watatu mpaka mistari ikatimia. Hakuisoma. Aliteremsha kidole pembeni mwa karatasi akihesabu, moja, mbili, tatu, mpaka kumi, akaridhika.

Mchungaji aliweka dole gumba. Aliuliza kumeandikwa nini. Mkuu akamjibu, "Uliyosema."

Nilisikia neno hilo likinichoma, lakini nilijiambia kwamba mimi ni mkono tu. Mkono hauulizwi.

Mchana tulifika kwenye jiwe lililosimama juu ya jiwe. La juu ni kubwa kama gari letu na limekaa juu ya lingine dogo kama kiti, na ukilitazama unajikuta unaongea kwa sauti ya chini. Mama Nyundo alieleza kwamba la juu ni gumu na la chini ni majivu ya volkano yaliyoshikamana, laini, na upepo na mvua vimelila taratibu. Mkuu alieleza kwamba la juu ni mwanamke mkaidi na la chini ni mama mkwe wake.

"Aliyebeba na aliyebebwa, mkaidi ni yupi hapo?" aliuliza Mama Nyundo.

"Fomu haiulizi hilo."

Siku ya pili tuliingia kwenye pango. Si pango la kawaida bali bomba, njia ambayo zaha ilipita ikiwa bado moto. Ngozi ya juu ikapoa ikawa dari, ya ndani ikaendelea kutiririka ikaondoka, pakabaki ukumbi mrefu wenye kuta zilizochirizika kama mshumaa. Nilitembea na tochi hatua mia mbili, na moyoni nilikuwa nasema asante, asante, kwa kila hatua. Nilipotoka Mkuu alikuwa ameketi kwenye mlango wa pango, ananisubiri na kalamu. Alikuwa ameshamtunga mwanamke mwenye ulimi mrefu, msengenyaji, aliyemezwa na ardhi.

Kilima cha majivu kilipata mwanamke aliyeunguza chakula cha mumewe. Kwenye ziwa la kasoko tulisimama kwenye ukingo tukatazama chini, maji ya kijani yakiwa yametulia ndani ya mlima uliokatwa kichwa, na kingo nyeupe za magadi kama povu lililokauka. Hata Mkuu alivua kofia. Kisha akaivaa akasema, "Machozi ya mwanamke aliyeachika."

Mama Nyundo alifunga daftari lake. "Mkuu, samahani. Nyumbani kuko salama?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Wanawake watano, wote mawe, majivu na maji. Sijaona hata mwanamume mmoja aliyegeuka kokoto."

Nilikohoa kuficha kicheko. Mkuu hakuona cha kuchekesha. Alisema hekaya ndivyo zilivyo, na kwamba mtalii hawezi kusafiri toka mbali kuja kuona jiwe ambalo halina kosa.

Jioni hiyo, tukiegesha gari kwenye nyumba ya wageni, nilimkumbusha kuhusu barua. Aligusa mkoba wake. "Imo humu. Kesho tukimaliza chemchemi, akili yangu ikitulia." Nililala na tumaini. Siku tatu nilizoomba zilikuwa bado hazijaisha.

Chemchemi iko bondeni, nyuma ya kijiji, na mvuke wake unauona kabla hujafika. Maji yanabubujika kutoka kwenye ufa wa mwamba, yanashuka kwenye mabwawa matatu madogo ya mawe yaliyofuatana kama ngazi. La kwanza hakuna anayeweza kutia mkono. La pili unaweza kutia ukihesabu mpaka tatu. La tatu ndilo lililokuwa na watu. Wanawake sita walikuwa wanafua mashuka meupe, na mengine yalikuwa yametandazwa juu ya vichaka na miamba, kiasi kwamba bonde lote lilionekana limevaa.

Aliyekuwa akiwaongoza alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mikono mikubwa, kitambaa kichwani kimelowa. Mkuu alimsalimia, naye akaitikia bila kuacha kufua.

"Mashuka ya nani haya yote?"

"Ya zahanati. Sisi ndio tunafua. Damu na usaha vinataka maji moto, na zahanati haina kuni za kuchemsha mapipa kumi kila siku. Hapa tunachemshiwa."

"Mnachemshiwa na nani?" aliuliza Mkuu haraka, akinionyesha ishara nitoe kalamu.

"Na ardhi, mheshimiwa. Huyo mama mwenye nyundo atakueleza vizuri."

"Wazee walisemaje?"

"Walisema usitie mkono bwawa la juu."

Mkuu alishusha pumzi. Tukaenda pembeni, kwenye boneti ya gari, akaanza kunisomea. Hapo kale palikuwa na bibi harusi mkaidi. Alimkaidi baba mkwe wake, akajitupa kwenye ufa huu, na hasira yake ndiyo inayochemsha maji mpaka leo. Na kwa sababu hiyo, tangu enzi hizo, ni mwiko nguo chafu kugusa maji haya, na wenyeji wote wanaheshimu mwiko huo.

Kalamu yangu ilikuwa bado hewani. Mama Nyundo aliyekuwa akipima joto la maji alisimama wima.

"Mkuu, ukiandika mwiko, kipengele cha nane, cha hadhi ya eneo, kinajijaza chenyewe. Eneo takatifu. Wataweka uzio. Hawa watafulia wapi?"

"Kuna mto."

"Mto ni baridi. Na uko mbali."

"Mtaalamu, mstari wako mmoja umeshauandika? Basi." Akamwita yule mama, akamwambia tunahitaji saini yake hapo chini, ni jambo dogo, la kiofisi.

Mama alijifuta mikono kwenye kanga, akaja. "Karatasi yenyewe bado tupu."

"Tutaijaza baada ya kusaini."

"Mimi nasoma, mheshimiwa. Nikisoma kwanza ndipo nasaini. Nisomee hicho unachotaka kujaza."

Mkuu alimsimulia, akiwa amelainisha sauti. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu enzi zipi?" aliuliza. "Mama yangu alifulia hapa. Bibi yangu alifulia hapa. Mimi nimefulia jana, na kesho Mungu akipenda nitafulia. Huyo bibi harusi wenu mkamtafutie maji mengine." Akarudi bwawani, na wenzake wakaangua kicheko ambacho hakikuhitaji kuelezwa.

Nilidhani yameisha. Lakini Mkuu hakuwa mtu wa kurudi na fomu tupu. Alinivuta upande wa pili wa gari, akaweka mkono begani mwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kabla wala baada.

"Dereva. Mwenyeji ni nani?"

"Mtu wa mahali, Mkuu."

"Mtu aliyekula na kulala mahali. Wewe umekula hapa?"

"Nimekula biskuti."

"Umelala?"

"Nilisinzia kidogo kwenye usukani mlipokuwa mnapima."

"Basi ni mwenyeji. Utaandika nilivyosema, na kwenye kipengele cha sita utaweka saini yako." Alifungua mkoba, akatoa barua yangu. Niliitambua kwa kona yake iliyokunjika. Akaiweka juu ya boneti na kuikandamiza kwa jiwe dogo isipeperuke. "Na mimi nitaweka yangu hapa. Kalamu isaidie kalamu. Ijumaa ni keshokutwa, sivyo?"

Alikwenda kupiga simu kwenye kilima, kwa kuwa bondeni mtandao haukufika. Nikabaki na fomu, kalamu na barua.

Sitasema kwamba sikutamani. Miaka minne nimetoka kazini nimechoka, nikaenda kukaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa ajili ya watoto, magoti yakinigusa kidevu. Mke wangu amenipikia chai ya saa nne usiku mara zisizohesabika. Nilijitetea mbele za Mungu kwa kila namna niliyoweza. Nilimwambia ni bango tu. Nilimwambia hizo nyingine tano niliziandika na hakusema kitu. Hapo ndipo niliposhikwa, maana nilisikia wazi kwamba alikuwa amesema. Aliniambia palepale kwenye nguzo, kwa mchungaji wa mbuzi, nami nikamjibu kwamba mkono hauulizwi. Mkono unaosema uongo juu ya jirani unaulizwa, na mwenye mkono anaulizwa zaidi. Wale watano angalau walikuwa wanawake wa kutunga. Huyu hapa alikuwa na mashuka.

Nilimwendea yule mama bwawani.

"Dada yangu, nisimulie kuhusu maji haya. Nitaandika utakachosema tu. Isipokuwa lazima yatimie mistari kumi."

"Kwa nini kumi?"

"Sijui. Wamesema kumi."

Alicheka. "Kaa hapo basi, usilowe." Akasimulia huku anafua, nami nikaandika kwa mwandiko wangu wa jioni, polepole, bila kufuta, kwa kuwa kufuta kulikatazwa:

"Maji haya ni moto na hatujui yalianza lini. Bibi zetu waliyakuta hivyo. Hakuna aliyegeuka kitu chochote hapa. Mtaalamu anasema chini kuna mwamba ambao bado haujapoa, na sisi tunamwamini kwa sababu tunausikia. Bwawa la juu linababua ngozi. La pili ni la kulowekea. La tatu ni la kufulia. Hapa panafuliwa mashuka ya zahanati kila siku isipokuwa siku ya ibada. Ukilazwa zahanati ukalalia shuka safi, limetoka hapa. Mgeni akitaka kutazama anakaribishwa, ila asikanyage mashuka."

Nilihesabu. Ilikuwa mistari kumi kamili, wa mwisho ukiwa na maneno mawili. Alisoma yote kwa sauti, wenzake wakisikiliza, akanionyesha neno moja lililokosa herufi, nikaiongeza bila kufuta, kisha akasaini jina lake lote.

Mkuu aliporudi ningeweza kunyamaza. Alikuwa hasomi, anahesabu tu. Angeteremsha kidole, angeona kumi, angeona saini, na barua yangu ingepata mjusi wake. Niliwaza hivyo na mate yakanijaa mdomoni. Lakini uongo wa kunyamaza nao una sauti.

"Mkuu," nilisema, "nimeandika aliyosema mama, siyo uliyosema wewe. Na amesaini yeye."

Aliisoma. Nadhani ilikuwa ya kwanza kuisoma katika zote sita. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Umeharibu fomu ya serikali."

"Haijafutwa wala haijachanwa," alisema Mama Nyundo, ambaye alikuwa ameshafika na nyundo yake. "Imejazwa tu, Mkuu. Ukiichana, itabidi ueleze makao makuu namba sita imekwenda wapi."

Mkuu aliitazama ile sentensi ya wino mwekundu kwa muda. Kisha akainua lile jiwe dogo, akaichukua barua yangu, akaikunja mara mbili, akairudisha kwenye mkoba, akafunga zipu. Sauti ya zipu ile naikumbuka kuliko maneno yote ya safari.

"Twende," alisema. "Na leo usitucheleweshe kwa sala."

Niliinamisha kichwa kwenye usukani kama kawaida. Njiani Mama Nyundo alinipa pipi bila kuniuliza kama naitaka.

Ijumaa ilikuja ikapita. Jioni nilikwenda darasani kumweleza mwalimu, akaniambia niendelee kuhudhuria, mwakani si mbali. Nyumbani mke wangu aliuliza, nikamsimulia yote. Alisema, "Basi chai ya saa nne iendelee." Usiku ule, nikiwa nimepiga magoti, sikuwa na la kuomba. Nilikaa tu.

Mwezi na nusu baadaye makao makuu walijibu. Mkuu alitusomea barua yao kwenye kikao, kwa kuwa ilianza na pongezi. Fomu namba sita ilikuwa imekubaliwa "kwa usahihi wake na kwa sauti halisi ya wenyeji", na bango lake lilikuwa limeshachorwa. Mkuu alisafisha koo akasema siku zote amesisitiza sauti halisi ya wenyeji. Kisha akafika aya ya pili na kasi ikapungua. Fomu tano zilizobaki zilirudishwa. "Hekaya zote," waliandika, "zinahusu mwanamke mkaidi aliyegeuka kitu. Tunaomba kufahamishwa kama ni mwanamke mmoja. Kama sivyo, zirudiwe."

Mama Nyundo aliomba ruhusa ya kutoka nje kidogo. Tulimsikia akicheka mpaka mwisho wa korido.

Baada ya kikao Mkuu aliniita ofisini. Barua yangu ilikuwa mezani, imenyooshwa, ina saini.

"Nimekukumbuka," alisema. "Na Jumatatu tunarudi kwenye zile tano. Wewe una namna ya kuongea na watu. Utauliza wewe."

Uandikishaji ulikuwa umefungwa tangu mwezi uliopita, naye alijua. Nilishukuru nikaipokea barua kwa mikono miwili, maana tarehe inaweza kubadilishwa mwakani lakini adabu haina tarehe.

Safari hii ya pili tulipitia chemchemi kwanza, Mkuu alitaka apigwe picha na bango. Lilikuwa limesimikwa kando ya bwawa la tatu, kubwa, la chuma, lina mistari yote kumi. Wanawake walikuwa wameshaanika shuka juu yake. Mkuu alilisogeza shuka pembeni kwa vidole viwili, akasimama, akatabasamu, Mama Nyundo akampiga picha. Upepo ukalirudisha shuka likamfunika kichwa.

Yule mama aliniona akaniita. "Kaka, ile karatasi niliyoiona kwenye boneti, chini ya jiwe, iliishaje?"

"Ilikuwa barua ya mtihani wangu. Imesainiwa, lakini nilichelewa. Mtihani ni mwakani."

Alinitazama kidogo. Alichomoa shuka zito kutoka bwawani likivuja, akanipa ncha moja, yeye akashika nyingine.

"Haya, zungusha kulia," alisema. "Kaza. Unakamua kama mtu anayeogopa kuliumiza."